Kutoka Msimbati hadi Ghorofa ya Kumi na Tisa

Mwaka 1954 babu yangu mdogo alikwenda Makka, akarudi Msimbati akiwa haji wa kwanza katika ukoo wetu. Hakulala hoteli hata usiku mmoja. Mwaka 2018 tulikwenda sisi: mama yangu, mke wangu, dada yangu mkubwa, mjomba na mimi. Tulilala katika jengo ambalo likiletwa huku kwetu lingewatosha watu wa Msimbati wote, na wa Madimba wakapata chumba. Wanaorudi siku hizi husimulia marumaru, kiyoyozi na lifti. Nimefanya kazi ya ukarani katika chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho kwa miaka mingi, na karani hapendi daftari lenye upande mmoja. Ngoja niandike na upande wa pili, wa wale waliokwenda kabla hoteli hazijakuwapo.

Pwani yetu haikuanza jana kujuana na Hijazi, nchi ya Makka na Madina. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule wanayemwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, na katika baraza lake akakutana na masharifu waliotoka Hijazi. Wamefunga safari yote ile, wamefikia kwa sultani, wanakula kwake. Sultani huyo mwenyewe, kwa mujibu wa tarikh ya Kilwa, alikaa Aden akisoma alipokuwa kijana, akaenda na kuhiji. Ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia moja juu ya jabali linaloitazama bahari, lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Watu wa Kusini tukiambiwa kwamba majumba makubwa yenye mabwawa ni mambo ya kuletewa, twende kwanza Kilwa Kisiwani tukatazame.

Ila Kilwa ni Kilwa, na vijiji vya mlango wa Ruvuma ni vingine. Mtu wa Msimbati, Kilambo au Kionga aliyetaka kuhiji katika karne ya kumi na tisa alianza kwa kutafuta chombo cha kumfikisha Mikindani, kisha Unguja, kisha Aden. Kusi ndiyo iliyompeleka kaskazini na kaskazi ikamrudisha, wakati mwezi wa Hija hauzijui pepo hizo. Kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Kwa hiyo aliyekosea hesabu alikaa ugenini mwaka mzima au zaidi, akifanya vibarua bandarini. Baada ya kipindupindu cha mwaka 1865, kilichoanza kuua mahujaji Makka na kikasafiri nao hadi Ulaya, mataifa yalikaa Istanbul mwaka uliofuata kujadili karantini. Mwaka 1882 ikafunguliwa karantini katika kisiwa cha Kamaran, ndani ya Bahari ya Shamu, na mahujaji waliotoka upande wa kusini wakawa wanateremshwa huko, wanaogeshwa, nguo zao zinafukizwa, wanahesabiwa siku. Kwa wengi hayo ndiyo yalikuwa malazi yao ya kwanza ya ng'ambo yenye msimamizi, kitabu cha wageni na ada ya kulipa.

Kwa ugumu huo haishangazi kwamba Makka ilifika kwetu kwa barua zaidi kuliko kwa miguu ya watu. Mwaka 1908, vita vya Majimaji vikiwa vimezimwa mwaka mmoja tu nyuma, Lindi ilitikisika kwa waraka uliosemekana umetoka huko. Mlinzi wa kaburi la Mtume ameota ndoto, siku za mwisho zimekaribia, watu watubu. Wajerumani waliogopa, wakakamata watu na kuchunguza, na uchunguzi wao ukawapeleka Unguja. Mimi katika kisa hicho naona jambo dogo ambalo wao hawakuliandika: watu walioamini barua ile kwa haraka namna hiyo walikuwa na kiu ya habari za mahali ambapo karibu hakuna jirani yao aliyepata kufika.

Babu mdogo alifika kwa sababu ya karanga. Namaanisha karanga za Waingereza, ule mradi wa mwaka 1947 uliotaka kulima nyika ya Nachingwea kwa matrekta ili Uingereza ipate mafuta ya kula baada ya vita. Karanga ziliwashinda na mwaka 1951 mradi ukaachwa, lakini reli ilikuwa imeshaanza kutandikwa na bandari ya kina kirefu ya Mtwara imeshaanza kujengwa, ikafunguliwa 1954. Reli iling'olewa baada ya Uhuru. Babu alikuwa kuli katika ujenzi huo, hana mke wakati huo, hali ugoro, na kila mshahara anampa dada yake amwekee. Huku kwetu, kwa Wamakonde na Wamakua, mali ya mwanamume ikikaa kwa dada yake imekaa mahali pake. Fedha zilipotosha, akapanda meli.

Alipenda kusimulia safari ile kila ulipoandama Mfunguo Tatu, na hakuwahi kuanzia Kaaba. Alianzia forodhani Jedda. Afisa alimwuliza jambo moja kabla ya jina lake: mtawifu wako nani? Asiye na mtawifu hakuwa na pa kwenda. Watawifu ndio waliokuwa wenyeji wa mahujaji kwa kazi na kwa urithi, mtoto anapokea kwa baba, na kila nchi ina watu wake: hawa wa Wajava, hawa wa Wahindi, hawa wa watu wa pwani yetu. Mtawifu anakuandikisha, anakulaza, anakutafutia usafiri wa Mina na Arafa, anakusomesha dua unapozunguka Kaaba, ukifa anakuzika. Mholanzi Snouck Hurgronje, aliyekaa Makka miezi kadhaa mwaka 1885, aliandika jinsi wenye nyumba walivyojibana chumba kimoja wakati wa Hija ili vyumba vingine wavipangishe. Miaka sabini baadaye babu alikuta mambo ni yaleyale. Nyumba ya mawe, ghorofa tatu, madirisha ya mbao ya kuchongwa yaliyochomoza mtaani, katika mtaa wa Shamiya, upande wa kaskazini wa msikiti. Mwenye nyumba na wanawe wamehamia juu kabisa. Chini wamejaa watu wa Unguja, Lamu, Ngazija na Angoche, mikeka imegusana.

Mtawifu huyo alikuwa mzaliwa wa Makka na hajapata kukanyaga Afrika, lakini alisema Kiswahili cha Unguja alichojifunza kwa wageni wa baba yake. Babu alikuwa anamwiga, "Karibuni jamaa, starehe, starehe," kisha anaongeza kwa sauti yake mwenyewe kwamba kila "starehe" ilikuwa na bei. Kulikuwa na ada ya mtawifu, ada ya chumba, ya maji, ya gari, ya mtu anayelinda viatu, na zawadi kwa mtoto aliyeshika mkono wa mzee asipotee. Mahujaji walikamuliwa, tusifiche. Lakini Arafa, Agosti ile ya jua la kupasua mawe, babu alipoanguka, ni mtoto wa mtawifu aliyemkokota kivulini akamfunika kitambaa kibichi, na mke wa mtawifu ambaye babu hakumwona uso ndiye aliyemtumia mchuzi mwembamba kwa siku alizolala. Kwa miaka iliyofuata barua zilikuja Mikindani, salamu ndefu kwa kila mtu wa ukoo, na mwisho kabisa: tunawangoja jamaa zako. Ilikuwa biashara, ila ilikuwa biashara inayokumbuka jina lako.

Kumbukeni pia kwamba alihiji mwaka mmoja kabla ya upanuzi mkubwa wa kwanza wa Msikiti Mtukufu chini ya Wasaudi kuanza, 1955. Kukimbia kwake kati ya Safa na Marwa kulikuwa katikati ya mtaa wa maduka, wauza vitambaa kulia na kushoto, hujaji anasema dua huku anakwepa mkokoteni.

Kilichobadilisha hayo yote kilikuwa mafuta. Yaligunduliwa kwa wingi Dhahran mwaka 1938, na kufikia 1952 Mfalme Abdulaziz wa Saudia aliweza kufuta kodi ya mahujaji, ambayo kabla ya mafuta ndiyo iliyoiendesha dola yake. Ndege zikachukua nafasi ya meli. Mwaka 1974 ilisimama nje kidogo ya Makka hoteli ya kwanza ya kimataifa iliyopata sifa kubwa, ya wasanifu wa Kijerumani Rolf Gutbrod na Frei Otto, ambayo baadaye ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu. Mwaka 1981 likafunguliwa jengo la mahujaji katika uwanja wa ndege wa Jedda, lile la paa la mahema meupe. Watawifu wenyewe waliunganishwa katika mashirika kwa kanda za dunia, na sisi tukawekwa pamoja na nchi za Afrika zisizo za Kiarabu. Kuanzia 1988 kila nchi ikapewa kiwango, mahujaji elfu moja kwa kila Waislamu milioni moja. Kisha Januari 2002 ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Waturuki katika karne ya kumi na nane juu ya kilima kinachoitazama Haram, yaani Msikiti Mtukufu, ilivunjwa, na kilima chenyewe kikasawazishwa. Uturuki ililalamika hadharani. Mahali pake pakasimama minara ya Abraj al-Bait iliyokamilika 2012, ule wa saa ukiwa na urefu wa mita 601. Ni wakfu, jina lake rasmi ni Wakfu wa Mfalme Abdulaziz, na pango lake linatunza misikiti miwili mitukufu. Mtu akiniuliza kama hilo linafuta machungu ya ngome, nitamjibu kwamba mimi ni mtu wa korosho.

Wakati Makka inajengwa hivyo, sisi tulikuwa tumekwama. Miaka ya 1970 na 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu kama wembe, na kibali cha kusafiri nje kilikuwa na foleni yake. Na hata mwenye kibali, Mtwara yenyewe ilikuwa mbali na Dar es Salaam kuliko Jedda. Masika yakija, Rufiji inafunga njia. Unangoja meli, na meli nayo inangojwa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kipande cha Ndundu hadi Somanga kilitutesa miaka mingine zaidi ya kumi. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay 1982, ikakaa chini ya mchanga wetu karibu robo karne, na ilipoanza kutoka kwa kishindo ilituletea hoteli Mtwara mjini kwa ajili ya wageni waliotarajiwa. Sisi wa Msimbati hizo tulizifahamu kwa nje, kwa ukuta wake na walinzi wake.

Kilichotupeleka Makka ni msimu wa korosho wa 2017. Minadani bei ilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo, ambayo haijapata kuonekana. Nilikuwa mezani, natoa stakabadhi, naona wazee wanavua kofia. Gharama ya Hija kwa mtu mmoja ilikuwa kiasi cha milioni kumi. Gawanya mwenyewe: tani mbili na nusu za korosho ghafi kwa kila roho. Tulichanga ukoo mzima, mjomba akatoa sehemu kubwa kwa kuwa ndiye mjomba, na mama akauza mikorosho mitatu aliyopewa alipoolewa, ambayo sikutaka auze.

Jedda, Agosti 2018, hakuna aliyetuuliza mtawifu wetu nani. Tulivishwa bangili za plastiki zenye namba ya ofisi ya huduma na jina la hoteli, pasipoti zikakusanywa kwenye kikapu, basi likaondoka. Mama aliigeuzageuza bangili yake njia nzima. "Mwanangu, hii ndiyo inayonijua?" Nikamwambia ndiyo, ukipotea wataisoma. Akasema, "Basi nisipoteze mkono."

Hoteli ilikuwa kando ya barabara ya Ibrahim al-Khalil. Jina lake naliacha. Mapokezi yake yalikuwa na ukubwa wa soko, na wageni wameketi chini kwenye zulia kando ya makochi ya ngozi kwa sababu makochi yamejaa mabegi. Hapo ndipo tulipogundua kwamba familia haikai pamoja. Vyumba ni vya watu wannewanne, wanawake mbali, wanaume mbali. Mama, dada na mke wangu waliwekwa ghorofa ya kumi na tisa na mama mmoja wa Kigoma. Mimi na mjomba ghorofa ya kumi na nne na wafanyabiashara wawili wa Tanga. Mke wangu wa ndoa ya miaka ishirini na sita nilikuwa napanga naye miadi kwa simu, tunakutana mapokezi kama wachumba.

Chumba chenyewe: vitanda vinne vimebanana, shuka nyeupe zimekazwa mpaka mama akaogopa kuzifunua. Ukutani pana kidude cha kuchomekea kadi ya mlango, usipoichomeka taa haziwaki. Dada aliitoa kadi akaenda nayo Haram, mama akabaki gizani na kiyoyozi kimezima, hakumwambia mtu, akidhani Makka umeme umekatika kama kwetu. Darini pana spika inayoleta adhana na sala moja kwa moja kutoka msikitini. Wako walioridhika kufuata sala ya jamaa kutoka chumbani. Mama alikataa katakata: hakuuza mikorosho aje kusali na dari.

Tatizo likawa lifti. Baada ya Isha watu maelfu wanarudi kwa pamoja. Pale chini panakuwa na umati wa Waindonesia, Wanaijeria, Wapakistani na sisi, mlango ukifunguka walio karibu wanaingia, na mzee asiye na kiwiko anabaki. Sisi tumezoea kungoja kivuko cha Msangamkuu, lakini pale mama alingoja hadi miguu ikavimba, na wakala wetu wa safari, niliyemlipa mimi kwa mkono wangu, hakuonekana. Mimi na mjomba tukawa tunaziba njia kwa migongo yetu ili aingie. Ndiyo adabu tuliyoifanya katika nyumba ya wageni wa Mungu, na nimeshaiombea msamaha.

Chakula kilikuwa tele na kilikuwa cha watu wote, yaani si cha yeyote: wali wa manjano, kuku, dengu, mkate laini. Mama alikuwa ameficha unga wa mtama begini. Alfajiri moja aliukoroga uji ndani ya birika la umeme. Ulifurika, ukaungua, harufu ikajaa ukumbini. Binti wa usafi alipoingia na kuliona birika, wote wanne walikaa kimya kama watoto walioiba sukari. Binti akacheka. "Shikamoo mama." Kumbe mtu wa Kwale. Alilisugua birika kwa chumvi na ndimu, akafundisha namna ya kuuchanganya uji kwenye kikombe. Mama akamwuliza swali ambalo mtu yeyote wa pwani humwuliza mwenzake akimkuta ugenini: umefikia kwa nani? Binti akajibu, "Hatufikii kwa mtu, mama. Tunalala kambi ya kampuni." Mama alimpa korosho mfuko mzima, zile alizobeba kwa ajili ya wenyeji wake wa Makka, kwa kuwa mwenyeji mwingine hakumpata.

Nilikwenda kuutafuta mtaa wa Shamiya, alikolala babu. Upo kwenye ramani za zamani. Upanuzi wa Mfalme Abdullah, ulioanza 2011, umeuchukua. Nilichokuta ni uwanja wa marumaru na milango mipya ya msikiti. Nikasali rakaa mbili pale nilipokadiria, nikarudi.

Siwezi kusema nyumba ya mtawifu ilikuwa bora. Mama yangu, wa miaka sabini na tano na kisukari, asingemaliza wiki juu ya mkeka katika joto lile. Msimu ule walihiji watu zaidi ya milioni 2.3; hakuna nyumba za mawe za kuwalaza hao. Kiyoyozi kilimhifadhi mama yangu, na Mina alilala kwenye hema lisiloshika moto, la aina iliyowekwa baada ya moto wa Aprili 1997 kuua mahujaji zaidi ya mia tatu. Ninachokilalamikia ni kingine. Zamani tajiri na kuli waliweza kuwa na mtawifu mmoja na kulala ghorofa moja. Leo mahujaji wamepangwa kwa umbali. Mwenye nyingi anaiona Kaaba kutoka kitandani, mwenye za kati anatembea, mwenye kidogo anapanda basi kutoka mtaa wa mbali wa Azizia. Ihramu ni shuka mbili nyeupe kwa kila mwanamume, lakini ukiwatazama saa tano usiku wanakokwenda kulala, unajua nani kauza nini.

Mwaka uliofuata watu wa kwetu wengi walitaka kwenda. Msimu wa 2018 serikali iliwazuia wanunuzi binafsi, ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, jeshi likasomba mzigo, na malipo yakachelewa. Wengi niliowaandika kwenye daftari hawajaenda hadi leo. Hao, na ninyi mtakaochangia wazazi wenu, nawaomba jambo moja mkikaa na wakala. Msikubali aandike "karibu na Haram". Aandike mita ngapi, ghorofa ya ngapi, watu wangapi chumbani, na jina la mtu wenu mwenyewe, si la kampuni, atakayekaa na mzee penye lifti. Akikataa kuandika, mtafuteni mwingine kabla hamjauza mikorosho.